Kabla kikundi chenu hakijalipia trekta kuukuu, pigeni hesabu hii

Kila mwaka ifikapo Februari, simu yangu hujaa picha za matrekta. Ninatumiwa na wakulima wenzangu kutoka Magarini, Ganze, Lungalunga na hata Garsen, na karibu zote zinafanana: Massey Ferguson jekundu limeoshwa likang'aa, matairi yamepakwa rangi nyeusi, na chini yake dalali ameandika, "Liko sawa, ni kuingia shambani tu." Kisha swali linafuata: "Ndugu, unaonaje? Tulipe?"

Mwaka huu maswali yamezidi. Vikundi vingi vimeweka akiba, vingine vimepata ruzuku au mkopo, na kila mmoja anataka shamba lake liwe limelimwa kabla masika hayajaanza. Naandika ili niwajibu wote kwa pamoja. Bei ya trekta kuukuu si ile anayoitaja muuzaji. Bei yake ni fedha unazomlipa, ujumlishe gharama ya kulirekebisha mpaka lilime, ujumlishe tena msimu utakaoupoteza likikufia katikati ya mvua. Anayeangalia ile ya kwanza peke yake anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Najua kwa sababu nimewahi kuuziwa mbuzi huyo, tena kwa fedha ambazo hazikuwa zangu peke yangu.

Kwa nini vikundi vinanunua

Kilimo kiligatuliwa na Katiba ya 2010, na tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, za Pwani zimekuwa zikinunua matrekta na kuwalimia wakulima kwa bei nafuu. Ni jambo jema. Lakini trekta moja au mawili kwa wadi nzima hayatoshi wiki ile ambayo kila mtu analihitaji. Mwenye ekari 3 huandikisha jina lake, husubiri, na zamu yake ikifika ardhi imeshalowa au unyevu umepita. Wenye matrekta ya kukodisha nao huanza na mashamba makubwa, na siwalaumu: ukilima ekari 40 mahali pamoja hupotezi dizeli barabarani.

Kwa hiyo vikundi hupiga hesabu. Chukua kikundi chetu cha watu 24, kila mmoja na ekari 3. Hizo ni ekari 72. Msimu uliopita tulikodi trekta kwa shilingi 3,500 kwa ekari, jumla 252,000. Ukiweka masika na vuli unakaribia nusu milioni kwa mwaka. Trekta jipya la nguvu ya kutosha linagharimu mamilioni kadhaa, lakini kuukuu unaweza kulipata kwa chini ya milioni moja. Kwenye karatasi linajilipia kwa miaka miwili.

Karatasi hiyo ina matundu. Kulima kwa plau ya sahani hula lita 8 hadi 10 za dizeli kwa ekari, na bei ya lita inabadilika kila mwezi EPRA inapotangaza. Kuna dereva, oili, filta na sahani za plau zinazoisha. Hata hivyo hesabu bado inaweza kusimama, kwa sharti moja: trekta liwe zima siku mvua inapokaribia.

Jinsi tulivyoliwa

Miaka minne iliyopita mimi nilikuwa katibu wa kikundi, na sahihi yangu ndiyo iliyotoa shilingi 640,000 benki. Tulikwenda kuliona trekta watu watano, na hakuna aliyekuwa fundi. Tulipofika lilikuwa limeshawashwa, linanguruma. Muuzaji akatuambia amelipasha moto "ili msisumbuke kusubiri". Tulimshukuru! Tukaliendesha uwanjani mara mbili, tukaangalia moshi, tukaona ni mdogo. Mita ya saa ilionyesha saa 3,100 za kazi. Tukalipa siku hiyo hiyo.

Lililima ekari 19. Siku ya sita taa ya presha ya oili ikawaka, injini ikaanza kugonga, ikazima. Fundi alipoifungua alikuta beringi za krankishafti zimekwisha, na ndani mlikuwa na oili nzito kuliko inayotakiwa. Oili nzito huficha mambo mawili: hupunguza moshi wa injini iliyochoka, na huinua presha kwenye geji injini ikiwa haijapata joto kamili. Ikishapata moto wa kazi, ukweli unatoka. Ile mita nayo ilikuwa ya kebo, na kebo ikichomolewa au mita ikibadilishwa, miaka inapotea bila alama.

Gharama ya kutengeneza ilikuwa 210,000 na hatukuwa nazo. Mvua ilinyesha. Waliokuwa na nguvu walishika jembe, wengine hawakupanda kabisa. Mahindi waliyotakiwa kuvuna Agosti wakayanunua dukani. Trekta lilikaa chini ya mwembe miaka miwili, tukaliuza kama spea kwa 180,000. Akina mama wanane, ambao ndio waliokuwa wakiweka akiba kila wiki bila kukosa, walijitoa. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa kutouliza." Sijalisahau neno hilo.

Kinachotakiwa kuangaliwa

Mwaka huu kikundi kimejaribu tena kikiwa na shilingi 900,000, na safari hii tulimlipa fundi mzee aliyetumikia mashamba ya mkonge miaka mingi aende nasi. Tulimlipa 5,000 kwa siku pamoja na nauli. Wapo walionung'unika. Nawaeleza alichofanya, kwa sababu kila kikundi kinaweza kukidai kwa fundi wake.

Kwanza alitaka injini iwe baridi. Alimpigia muuzaji jioni iliyotangulia akamwambia asiiwashe, na tulipofika aliweka kiganja juu ya injini kabla hata ya salamu kwisha. Injini ya dizeli iliyochoka hushindwa kuwaka asubuhi. Akachomoa kijiti cha kupimia oili: oili nyeupe kama chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Akafungua radieta: utando wa oili juu ya maji, au mapovu yasiyokwisha injini ikinguruma, ni dalili ya gasketi ya hedi au hedi yenye ufa.

Ilipowaka alisoma moshi. Mweusi kidogo unapoongeza mafuta ni kawaida. Mweusi wa kudumu ni filta ya hewa iliyoziba au nozeli mbovu. Wa buluu ni oili inayoungua, yaani ringi na silinda zimelika. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto ni maji au dizeli isiyoungua. Kisha akafungua kifuniko cha kutilia oili: moshi ukitoka hapo kwa mapigo, presha inapita kando ya pistoni.

Baadaye alitaka kazi, si mzunguko wa uwanjani. "Injini uikague ikiwa baridi, haidroliki uikague ikiwa moto," alituambia. Pampu iliyochoka hunyanyua vizuri oili ikiwa nzito, ikishakuwa nyepesi kwa joto inashindwa. Alilima saa nzima kwenye ardhi ngumu, akiitazama geji ya oili, akisikiliza kama gia inaruka yenyewe. Halafu akanyanyua plau juu, akazima injini, akachora mstari wa chaki kwenye mkono wa haidroliki. Plau ikishuka ndani ya dakika chache, kuna mahali panapovuja ndani.

Breki alizijaribu moja moja, kulia na kushoto, kwa sababu trekta hukata kona kwa breki ya upande mmoja, na sili ya ekseli ikivuja oili huingia breki. Gurudumu la mbele alilinyanyua kwa jeki akalitikisa. Matairi ya nyuma aliyatazama ubavuni, si kwenye meno tu. Meno yanaweza kuwa marefu huku ubavu umepasuka kwa jua, na jozi ya matairi hayo ni pigo kubwa la mfuko.

Sisi wa Pwani tuna la ziada: chumvi. Trekta lililofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni au Marereni, au lililobeba mchanga ufukweni, linaweza kuwa na injini nzuri na mwili uliooza. Fundi aligonga rimu kwa nyundo ndogo, akapitisha sumaku kwenye bati kutafuta mahali palipozibwa kwa plasta na kupakwa rangi, akakunja nyaya kuona kama zimegeuka unga wa kijani ndani. Rangi mpya kwenye trekta la ufukweni iongeze maswali, isiyapunguze.

Na la usalama: ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, PTO, iwe na kinga yake. Leso au shuka ikishikwa na shafti hiyo, hakuna muda wa kupiga kelele.

Matrekta mawili

Kwa siku mbili tuliona matrekta mawili, yote Massey Ferguson 290. La kwanza lilikuwa la kung'aa, bei 950,000. Liliwaka vizuri, lakini baada ya nusu saa ya kulima geji ya oili ikaanza kushuka, na chaki ya haidroliki ikasogea kiganja kizima. Tulimwaga muuzaji kwa adabu.

La pili lilikuwa bandani kwa mama mmoja mjane, limesimama zaidi ya mwaka. Aliomba 780,000. Betri ilikuwa imekufa, dizeli imechafuka, na vijana waliowahi kuliona walikuwa wamemwambia giaboksi imevunjika kwa sababu gia haziingii, zinasaga tu.

Hapa ndipo nilipojifunza kwamba kulikagua trekta na kulirekebisha kabla ya kulinunua mara nyingine ni kazi moja. Trekta lisilowaka huwezi kulipima. Kwa hiyo tuliandikiana na yule mama karatasi mbele ya mzee wa mtaa: tutatia betri ya kuazima, filta mpya na dizeli safi kwa gharama yetu, lisipotufaa tunaondoka na betri yetu, filta zinabaki kwake. Fundi akasafisha kikombe cha mashapo, akatoa hewa kwenye mabomba ya dizeli, na injini ikawaka mara ya tatu. Moshi ulikuwa safi.

Kuhusu gia, alizima injini akaingiza gia zote moja baada ya nyingine. Ziliingia laini. Injini ikiwaka, zinasaga. Akatabasamu. Giaboksi ilikuwa nzima. Sahani ya klachi ndiyo iliyokuwa imeganda kwa kutu kwenye flaiwili, jambo la kawaida kwa mtambo unaosimama muda mrefu katika unyevu wetu.

Mwenzetu mmoja akanivuta kando: "Tunyamaze, tununue kwa bei ya giaboksi iliyovunjika." Nilielewa. Kikundi kilichowahi kuliwa kinatamani nacho kule. Lakini yule mama alikuwa akiweka akiba kwenye chama kama akina mama wetu, na asiyejua mitambo si halali ya kila anayejua. Tulimwambia. Tukakubaliana bei mbili kwa maandishi: klachi ikiachia bila kupasua trekta, tutalipa 600,000; ikilazimu kulitenganisha injini na giaboksi na kubadilisha klachi, tutalipa 555,000.

Fundi alikandamiza pedali ya klachi chini kwa gogo usiku kucha. Asubuhi, kwenye uwanja mtupu, trekta la jirani likalivuta likiwa kwenye gia ya juu, na injini ilipowaka akakanyaga breki kwa vishindo huku klachi ikiwa chini. Mara ya nne ukasikika mlio, likaachia. Hiyo si kazi ya kujaribu bila fundi. Baadaye likalima saa nzima, geji haikuyumba. Chaki ilisogea kidogo.

Orodha ya marekebisho aliyotuandikia ilikuwa hivi: matairi mawili ya nyuma 160,000, ringi za haidroliki 12,000, kupima pampu na kutengeneza nozeli 38,000, betri 14,000, radieta 11,000, oili zote na filta 25,000. Jumla 260,000. Ukiongeza 600,000 unapata 860,000. Tumebaki na 40,000 za dharura. Bei zenu zitatofautiana, lakini njia ni hiyo: orodha kwanza, bei baadaye.

Angalia kitu kimoja. Hatukumwambia muuzaji atengeneze yeye. Muuzaji anayetengeneza ili auze hutafuta spea ya bei ya chini itakayofika siku ya malipo. Punguzeni kwenye bei, mtengeneze wenyewe, kwa fundi wenu, mkiwa mnaangalia.

Spea na karatasi

Wengi huniuliza kama ni lazima liwe Massey. Si lazima, lakini ulizeni swali la spea kabla ya swali la jina. Kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, kilichounda Massey nyingi za zamani, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini modeli zake ziliendelea kuundwa Pakistan na Millat na India na TAFE, na injini zake za Perkins zinajulikana na mafundi wengi. Ndiyo maana ringi ya 290 unaweza kuipata Mombasa asubuhi na kuwa nayo shambani jioni. Trekta la bei ya chini ambalo spea yake inaagizwa ng'ambo litakusubirisha wiki sita. Mvua haikusubiri.

Na karatasi. Wengine husema trekta haliendi barabarani, hati ya umiliki ya nini? Bila hiyo hamwezi kulikatia bima, kulitumia kama dhamana, wala kuliuza kwa heshima. Linganisheni nambari ya chasi na ya injini na zilizo kwenye hati, mwangalie jina la mwenyewe kwa NTSA, na mtafute kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyowekwa na sheria ya 2017, kama halijawekwa rehani. Kama ni la marehemu, kama lilivyokuwa letu, dai barua za usimamizi wa mirathi kwanza. Sisi tumelipa nusu. Nusu nyingine itatolewa jina likihamishwa.

Kaunti zifanye nini

Kila uchaguzi tunaahidiwa matrekta. Sijasikia anayeahidi ukaguzi. Ruzuku nyingi za vikundi hulipia ununuzi tu, na kikundi hulazimika kumaliza fedha zote kwa muuzaji kisha kianze kuchangishana harusi ya gasketi. Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, vituo vya huduma za mitambo ya kilimo, ambavyo kaunti zimerithi, vitoe ukaguzi wa matrekta kuukuu kwa ada ndogo, na fundi aandike ripoti yenye sahihi. Pili, ruzuku au mkopo wa trekta utenge sehemu ya marekebisho tangu mwanzo. Sisi marekebisho yamekula karibu thuluthi ya fedha zote, na hilo lilikuwa trekta zuri. Tatu, vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Katiba imevikabidhi kaunti, vifundishe vijana klachi, haidroliki na pampu za dizeli. Fundi wetu ana umri wa kupumzika, na alipokuwa chini ya trekta nilijiuliza nani atamrithi.

Wapo watakaosema siku mbili za ukaguzi ni kuchelewa, mteja mwingine atalichukua. Na alichukue. Lile la kung'aa tuliloliacha nimesikia limeshauzwa kwa kikundi kingine. Nimempata mwenyekiti wao kwa simu na kumweleza nilichokiona kwenye geji, alikuwa ameshalipa. Nimempa namba ya fundi wetu, afungue injini sasa kabla haijagonga, maana beringi zikiwahiwa gharama huwa ndogo kuliko krankishafti ikishaharibika.

Letu linafungwa matairi wiki hii. Wawili kati ya wale akina mama wanane wamerudi kikundini. Yule aliyenilaumu bado, lakini alipita jana, akalizunguka trekta, akaniuliza swali moja: "Injini mliikuta baridi?"